Nimesasisha Linux, mitandao yote ya Wi-Fi imepotea kwenye orodha. Naomba msaada kabla sijafuta mfumo

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Jana usiku niliiacha laptopu ijisasishe, ikamaliza vizuri tu, ikaomba izimwe na kuwashwa tena. Tangu ilipowaka sioni mtandao hata mmoja wa Wi-Fi. Sisemi kwamba inakataa nywila, wala kwamba inaunganisha halafu inakatika. Orodha yenyewe haipo. Nikibonyeza alama ya mtandao pale kwenye kona naona kipengele cha waya peke yake, kana kwamba kompyuta hii haijawahi kuwa na Wi-Fi. Simu iliyo pembeni yake mezani inaona mitandao sita.

Mpaka sasa nimeiondoa NetworkManager (programu inayosimamia mitandao) na kuirudisha, nimefuta miunganisho yote niliyokuwa nimeihifadhi, na nimewasha upya kama mara nane. Hakuna kilichobadilika. Mfumo ni wa familia ya Debian, keneli (kernel, kiini cha mfumo) imetoka 6.1 kwenda 6.12, kadi ya Wi-Fi ni ya ndani. Nakaribia kufuta kila kitu nianze upya, lakini nina kazi za miezi humo ndani na nakala yangu ya akiba si ya karibuni. Mwenye uzoefu anisaidie.

Mchangiaji wa 1

Pole mkuu. Usifute mfumo, na tafadhali usiiguse tena NetworkManager, kwa sababu kwa maelezo yako haina kosa lolote. NetworkManager inaonyesha kile inachopewa na keneli. Keneli isipoiletea kadi, haina cha kukuonyesha, hata ukiiondoa na kuirudisha mara mia.

"Sioni mitandao" ni lalamiko moja lenye magonjwa mengi nyuma yake. Inawezekana kadi yenyewe haionekani kwenye ubao. Inawezekana inaonekana ila haijapata kiendeshi (driver). Au kiendeshi kimeingia lakini hakijapata programu dhibiti (firmware) ya kuipakia kwenye kadi. Au redio imezimwa. Au vyote hivyo ni vizima na hakuna programu inayoisimamia kadi. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja inaweza kuharibu nyingine. Ndiyo maana huwa naumia nikiona mtu ameambiwa abandike amri kumi bila kuulizwa hata swali moja.

Kwanza jipatie intaneti. Chukua simu, iunganishe na laptopu kwa kebo ya USB, nenda kwenye mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwenye laptopu utaona kifaa kipya cha waya, jina lake litakuwa `usb0` au litaanza na `enx`. Njia hii haihitaji kiendeshi cha kupakua, na simu ikiwa yenyewe iko kwenye Wi-Fi inakupitishia hiyohiyo.

Ukishapata intaneti, niletee majibu ya hizi, kama yalivyo, bila kupunguza kitu:

`uname -r`
`lspci -nnk`
`rfkill list`
`nmcli device`
`sudo dmesg | grep -i firmware`

Halafu kuna jaribio moja lenye thamani kuliko amri zote hizo. Zima, washa, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) ingia "Advanced options", chagua keneli ya zamani, ile ya 6.1. Kama bado ipo, ingia nayo uone. Ikirudisha Wi-Fi, tumejua kwamba kadi ni nzima, NetworkManager ni nzima, rauta ni nzima, na tatizo liko kati ya keneli mpya na kiendeshi. Ni jaribio la dakika mbili tu. Na kwa sababu hiyo, usiendeshe `apt autoremove` mpaka tumalize, isije ikaiondoa hiyo keneli.

Mleta uzi

Mkuu, simu kwa kebo imekubali mara moja, nilikuwa sijui kabisa kama inawezekana. Nimeingia na keneli ya zamani: Wi-Fi IPO. Mitandao yote imejaa kwenye orodha. Nimerudi kwenye mpya, hakuna kitu.

`rfkill list` (orodha ya redio na mazuio yake) inaonyesha Bluetooth peke yake, Wi-Fi haitajwi. `nmcli device` inaonyesha simu na `lo` (ya ndani ya kompyuta yenyewe). Kwenye `dmesg` (kumbukumbu za keneli) sioni mstari wowote unaoitaja kadi. Kwenye `lspci -nnk`, kadi iko hivi (nimeondoa jina la mtengenezaji):

`03:00.0 Network controller [0280]: ...`
`        Subsystem: ...`

Basi, mistari miwili. Vifaa vingine vyote chini yake vina mstari wa tatu wa `Kernel driver in use`.

Mchangiaji wa 1

Huo mstari wa tatu unaokosekana ndio jibu lako. Kadi inaonekana kwenye ubao, ina namba yake na jina lake, lakini hakuna kiendeshi kilichoishika. Na kwa kuwa haina kiendeshi, haijazaliwa kama kifaa cha mtandao, ndiyo maana hata rfkill haiijui. Kila kilicho juu yake kiko kimya kwa sababu hiyo moja.

Sasa swali: ulipoiweka Linux mara ya kwanza, Wi-Fi ilifanya kazi yenyewe, au kuna kitu uliongeza?

Mleta uzi

Niliongeza. Ni zamani kidogo, nilifuata maelekezo nikaweka kifurushi kinachoishia na `-dkms`. Tangu hapo sijagusa.

Mchangiaji wa 1

Tumefika. Nieleze kidogo, maana wengi watapita hapa na tatizo hilihili.

Viendeshi vingi vya Wi-Fi vimo ndani ya keneli yenyewe, vinasafiri nayo kila inapobadilika. Ila kuna kadi, hasa baadhi ya Broadcom na Realtek, ambazo kiendeshi chake kiko nje. Kiendeshi kama hicho huingia kama moduli, yaani kipande kinachopakiwa kwenye keneli, na moduli inaendana na keneli iliyojengewa. Ya 6.1 haiingii kwenye 6.12. DKMS iliwekwa kwa ajili hiyo: inahifadhi msimbo wa kiendeshi na kuujenga upya kila keneli mpya inapoingia. Lakini ili ijenge inahitaji faili za linux-headers (maelezo ya keneli yanayotumika kujengea moduli) za keneli ileile. Zisipokuwepo inaruka, na usasishaji unaendelea mpaka mwisho. Inaacha onyo la mistari michache katikati ya mamia ya mistari mingine. Nani atauona usiku umelala?

Endesha `dkms status`, na hii: `dpkg -l 'linux-headers*' | grep ^ii`

Mleta uzi

`dkms status` ina mstari mmoja, unaishia na `6.1.0-37-amd64, x86_64: installed`. Ya 6.12 haipo. Na kwenye vifurushi, headers zilizopo ni za 6.1 tu.

Mchangiaji wa 1

Basi kosa ni dogo kuliko ulivyohofu. Wakati ule uliweka headers za toleo moja kwa jina lake kamili, hukuweka kile kifurushi cha jumla kinachofuatana na keneli. Weka sasa:

`sudo apt install linux-headers-amd64`

Ikishamaliza kuweka, DKMS itaamka yenyewe na kuanza kujenga. Iangalie. Ikijenga bila kosa, washa upya. Ikikataa kujenga, usikate tamaa: maana yake msimbo ulio nao ni wa zamani kuliko keneli. Hapo kwanza uhakikishe kifurushi cha kiendeshi nacho kimepanda toleo, kisha unaleta hapa mistari ya mwisho ya faili la `make.log` lililo chini ya `/var/lib/dkms`.

Mleta uzi

Wakuu, IMEKUBALI. Ilijenga kama dakika moja hivi, nikaona jina la moduli likipita na neno 6.12 pembeni yake. Nikawasha upya. Alama ya mtandao ilikaa tupu sekunde kadhaa, moyo ukanienda mbio, halafu majina yakaanza kuingia moja moja mpaka orodha ikajaa. `lspci -nnk` sasa ina ule mstari wa tatu.

Kilichoniuma ni kwamba nilifuta miunganisho yote na nywila zake bila sababu. Asante sana mkuu, umeniokolea kazi za miezi.

Mchangiaji wa 2

Nimefurahi kwa mleta uzi ila yangu ni tofauti. Mimi nimetoka Debian 11 kwenda 12. Kiendeshi kipo, `lspci` inaonyesha `Kernel driver in use: iwlwifi`. Lakini hakuna mitandao, na `dmesg` imejaa hii:

`Direct firmware load for iwlwifi-....ucode failed with error -2`

Iko mara nyingi, namba inabadilika tu.

Mchangiaji wa 1

Hiyo -2 maana yake "faili halipo". Lakini subiri, usiisome haraka. iwlwifi, kiendeshi cha kadi za Intel, huanza kuomba toleo la juu kabisa la programu dhibiti inalolifahamu, likikosekana inashuka hadi la chini yake, na kuendelea. Kwa hiyo mistari ya -2 kadhaa inaweza kuonekana hata kwenye mashine nzima kabisa. Watu wengi wameishika hiyo mistari na kuhangaika nayo bure. Kinachoamua ni mstari unaofuata baada ya mlolongo huo. Ukisema `loaded firmware version`, programu dhibiti imepatikana na tatizo liko kwingine. Ukisema `no suitable firmware found!`, hakuna faili hata moja lililofaa.

Mchangiaji wa 2

Ni huo wa pili. Unafuatiwa na mistari ya toleo la chini linalohitajika na la juu linalokubalika. Cha ajabu ni kwamba kwenye Debian 11 programu dhibiti niliiweka na ilikuwepo.

Mchangiaji wa 1

Baada ya kupanda toleo ulisafisha vifurushi? Kwa mfano `apt purge '~o'`?

Mchangiaji wa 2

Ndiyo! Nilisafisha vilivyopitwa na wakati. Nilifuata maelekezo ya kupanda toleo.

Mchangiaji wa 1

Hapo ndipo ilipoondoka. Kwenye Debian 11 programu dhibiti zilikuwa kwenye sehemu ya `non-free`. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu programu dhibiti zisizo huria kuwemo kwenye diski rasmi ya usakinishaji, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likazihamishia kwenye sehemu mpya inayoitwa `non-free-firmware`. Kama hukuongeza jina hilo kwenye `sources.list` (faili la orodha ya hazina), apt inatazama kifurushi chako, haikioni kwenye hazina yoyote, inakihesabu kuwa kimepitwa na wakati. Ukisafisha, kinaenda na Wi-Fi yako.

Mstari wako uwe hivi:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware`

Fanya vivyo hivyo kwa mistari ya security na updates. Kisha `sudo apt update` na `sudo apt install firmware-iwlwifi`, uwashe upya. Mwenye Realtek ataweka `firmware-realtek`, Broadcom ni `firmware-brcm80211`, Atheros ni `firmware-atheros`.

Mchangiaji wa 3

Kwangu moduli imejengwa vizuri na DKMS, `dkms status` inasema installed kwa keneli mpya, lakini nikiipakia kwa modprobe inajibu `Key was rejected by service`. Zamani nilikuwa natia saini mwenyewe kwa ufunguo wangu.

Mchangiaji wa 4

Zima Secure Boot (ulinzi unaokataa moduli zisizo na saini inayotambulika) kwenye BIOS, kwisha.

Mchangiaji wa 1

Itafanya kazi, siwezi kubisha. Ila simpendekezei mtu azime ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya moduli moja, wakati dawa yenyewe ni ya dakika tano. Na kuna watu kompyuta si yao, hawaruhusiwi kuzima.

Mchangiaji wa 3, DKMS za miaka ya karibuni zinatengeneza ufunguo wao na kutia saini zenyewe. Moduli yako imetiwa saini, ila kwa ufunguo ambao mashine haiutambui. Hakikisha kwanza kwa `mokutil --sb-state`. Ikisema Secure Boot imewashwa, mtambulishe mgeni, yaani ufunguo huo:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Kwenye Ubuntu faili ni `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`. Itakuomba uweke nywila ya muda. Andika pembeni. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu. HAPA KUWA MAKINI: inakupa sekunde kumi tu ubonyeze kitufe chochote. Zikipita, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida na ombi lako linapotea, unaanza tena. Ukiwahi, chagua `Enroll MOK`, thibitisha, weka ile nywila ya muda, washa upya. Kwenye skrini hiyo kibodi inaweza kuwa katika mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo nywila ya muda iwe na herufi nyepesi zisizobadilika mahali.

Mchangiaji wa 3

Ndicho kilichokuwa kinanitokea! Skrini ya bluu niliiona mara mbili nikaiacha ipite, nikidhani ni hitilafu. Safari hii nimeisubiri na kidole juu ya kitufe. Wi-Fi imerudi, Secure Boot iko palepale. Shukrani za dhati.

Mchangiaji wa 5

Niongeze la watu wa Arch (aina nyingine ya Linux) kwa kifupi. Ukisasisha keneli na hujawasha upya, folda ya moduli za keneli unayoitumia inaondolewa. Ukichomeka kadi ya Wi-Fi ya USB muda huo unaambiwa `Module ... not found in directory /lib/modules/...`. Washa upya, basi. Na kama umewasha upya na ujumbe ni uleule, linganisha `uname -r` na folda zilizomo `/lib/modules`. Zikitofautiana, kuna uwezekano `/boot` haikuwa imeunganishwa wakati wa kusasisha, kwa hiyo bado unawaka na keneli ya zamani.

Mchangiaji wa 6

Mimi `rfkill list` inasema `Soft blocked: no`, `Hard blocked: yes`. Nimeendesha `rfkill unblock wifi` haisikii.

Mchangiaji wa 1

Haiwezi kusikia. Soft ni zuio la programu, amri hiyo inaliondoa. Hard ni zuio linalotoka kwenye mashine: swichi ya pembeni, kitufe cha Fn, au BIOS. Tafuta swichi kwanza, hata kama unaamini haipo, baadhi ya laptopu ina swichi ndogo ya kuteleza ukingoni ambayo begi linaisukuma. Kama haipo kweli, kuna moduli za keneli zinazosoma vitufe vya laptopu za watengenezaji fulani, na nyingine husoma swichi isiyokuwepo. `rfkill list` inakuonyesha jina la aliyeweka zuio. Na kama una Windows kwenye mashine hiyohiyo, ingia huko uzime Fast Startup, kisha uzime kompyuta kabisa. Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows haizimiki yote, na kadi inaweza kubaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuianzisha vizuri.

Mchangiaji wa 6

Ilikuwa swichi. Iko upande wa mbele, chini. Miaka mitatu ninayo hii laptopu.

Mchangiaji wa 7

Samahani kwa kuchelewa kwenye uzi. Kwangu mitandao ya majirani yote naiona, wa kwangu peke yake ndio haupo! Simu inauona.

Mchangiaji wa 1

Hapo kiendeshi na programu dhibiti ni vizima, usiviguse. Angalia rauta yako iko chaneli gani. Kama ni 12 au 13, endesha `iw reg get`, uone kompyuta inadhani iko nchi gani. Kuna nchi ambazo chaneli hizo hazitumiki, Marekani ni mojawapo, na kompyuta ikijidhania iko huko haizisikilizi kabisa. Angalia pia kwenye `dmesg` kama kuna malalamiko kuhusu `regulatory.db` (faili la sheria za masafa za kila nchi). Yakiwepo, weka kifurushi cha `wireless-regdb`.

Mchangiaji wa 7

Rauta iko 13. `iw reg get` inasema `country US`, na mimi siko Marekani.

Mchangiaji wa 1

Weka msimbo wa nchi uliyopo kwa `sudo iw reg set` na herufi zake mbili, uone kama mtandao unajitokeza. Weka wa nchi yako kweli, kwa sababu sheria za masafa na nguvu za redio zinafuata nchi. Ili ubaki baada ya kuwasha upya, andika kwenye faili la `/etc/modprobe.d/cfg80211.conf`:

`options cfg80211 ieee80211_regdom=XX`

XX ikiwa msimbo wako. Baadhi ya kadi za Intel hujisimamia zenyewe kwenye hili na hazitakusikiliza. Ikiwa hivyo, ingia kwenye rauta uihamishie chaneli 1, 6 au 11.

Mchangiaji wa 8

Swali la mwisho kutoka kwangu: `nmcli device` inaonyesha kadi yangu ya Wi-Fi, `wlp2s0`, ipo, hali yake ni `unavailable`. rfkill haina zuio.

Mchangiaji wa 1

Angalia kama wpasupplicant, programu inayoiunganisha kadi na mitandao, bado ipo: `systemctl status wpa_supplicant`. Ikiondoka kwenye usafishaji, NetworkManager inaiona kadi lakini haina wa kuzungumza nayo. Ingekuwa `unmanaged` ningekutuma kwenye `/etc/network/interfaces` uone kama jina la kadi limeandikwa humo, maana kwenye Debian, NetworkManager ikilikuta humo inajitenga na kadi hiyo. Kwa Fedora, aina nyingine ya Linux, ningekuuliza kama kifurushi cha `NetworkManager-wifi` kipo.

Mchangiaji wa 8

`Unit wpa_supplicant.service could not be found.` Naunganisha simu sasa hivi nikiweke.

Mchangiaji wa 8

Imerudi. Naandika haya kupitia Wi-Fi.